Suti ya Savile Row: Je, Tunalipia Jina au Kazi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipokwenda London kumtembelea shemeji yangu, alinipeleka kwenye duka moja la suti katika mtaa wa Savile Row. Nilikuta viti vya ngozi, majora ya vitambaa na wazee wawili wenye futi kamba shingoni, lakini sikuona bei hata moja. Mimi hushonesha makoti ya kuvalia kanzu kwa fundi wa mtaani kwetu, na sielewi kinachowavutia watu hata wakubali kutoa maelfu ya pauni kwa suti moja. Je, wanalipia jina tu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, jina limo katika bei hiyo, na kodi ya pango katika eneo la kifahari la Mayfair, ulipo mtaa huo, nayo imo. Hata hivyo, wewe uliyezoea kupimwa na fundi utakielewa kinachouzwa pale kwa wepesi kuliko mtu anayenunua suti iliyotundikwa tayari.

Katika nyumba ya ushonaji kama Henry Poole, iliyoanzishwa mwaka 1806, mkataji huchora umbo la mteja kwenye karatasi nene, kila kipande peke yake, kisha karatasi hizo huhifadhiwa kwa jina lake. Koti hupigwa bandi kwa uzi mweupe, mteja hulijaribu, na mara nyingi hufumuliwa lote na kukatwa upya kabla ya kujaribiwa tena. Kwa kawaida suti moja huchukua saa zisizopungua 50 za kazi ya mikono. Mteja akirudi baada ya miaka kumi akiwa na tumbo, karatasi hurekebishwa, na koti la zamani hupanuliwa kwa kitambaa cha ziada kilichoachwa makusudi ndani ya mishono. Mfalme Charles III, mteja wa siku nyingi wa washonaji Anderson & Sheppard, ameonekana hadharani na makoti makuukuu yenye viraka, na kwa wapenzi wa maduka haya hiyo ni sifa kubwa kuliko koti jipya.

Kazi yenyewe imefichwa kifuani mwa koti. Suti nyingi za kiwandani hutiwa kitambaa cha ndani kinachobandikwa kwa gundi na joto. Gundi ikichoka, hasa baada ya safari nyingi za kwa dobi, kifua hutoka mapovu. Fundi wa Savile Row hutumia kitambaa kigumu kilichofumwa kwa singa za farasi, akakishikiza kwa mamia ya mishono midogo ya mkono, ndiyo maana ukosi wa koti lake hupinduka taratibu badala ya kulala kama uliopigwa pasi kwa hasira.

Ukimya ulioukuta nao ni sehemu ya mvuto. Kwa miaka mingi maduka ya mtaa huo yalijificha nyuma ya madirisha yasiyoonyesha ndani, mpaka mshonaji Tommy Nutter alipofungua lake mwaka 1969 na kuweka nguo dirishani. Kutotaja bei, kwa maoni yangu, ni madaha zaidi kuliko adabu, na mgeni asione haya kuuliza.

Lakini tahadhari: baadhi ya nyumba hizo huuza pia suti zilizoshonwa tayari, na hapo ndipo mnunuzi anaweza kulipia jina kuliko kazi. Ukirudi kwa shemeji yako, uliza kama karatasi itakatwa kwa ajili yako peke yako, utajaribishwa mara ngapi, na kama kifua kimeshonwa au kimebandikwa. Usitarajie kuondoka na suti katika ziara ya wiki mbili, kwani kazi hiyo huchukua miezi. Kwa safari fupi, nenda mtaa wa Jermyn Street, mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo, ambako Turnbull & Asser, walioanza mwaka 1885, wana mashati yaliyo tayari.