Soma logi kabla hujafuta: kuandaa laptopu ya kutengenezea tovuti

"Mwalimu, niifute nianze upya?" Hilo ndilo swali ninaloletewa zaidi na vijana wa hapa Lamu wanaojifunza kutengeneza tovuti. Ukurasa umetoka mweupe pe, au localhost (anwani ya tovuti iliyomo kwenye laptopu yako mwenyewe) haifunguki, na mtu ameshakata shauri kwamba dawa ni kung'oa kila kitu na kupakua tena. Jibu langu ni usifute. Kwa sisi tunaonunua bando, kupakua tena ni pesa, na kosa likiwa halijajulikana lilipo, litakungoja pale pale.

Ninachowaambia ni hiki: weka kipande kimoja, kipime, ndipo uweke kingine. Kikigoma, iulize logi, yaani faili ambamo programu huandika makosa yake, kabla hujamuuliza mtu.

Mashine yenyewe haihitaji makuu. Laptopu ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 4 inatosha. Mimi huweka Debian (aina ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows) yenye Xfce (mwonekano wa madirisha na menyu), kwa sababu ni nyepesi na kwa sababu seva (kompyuta ya mtandaoni ya kuwekea tovuti) utakayokuja kuikodi karibu hakika itakuwa ya Linux. Jizoeze huko huko mapema. Kwenye Linux, Shela.jpg na shela.jpg ni mafaili mawili. Windows huyaona kuwa ni moja. Nimeona tovuti ya nyumba ya wageni iliyopendeza kwenye laptopu ya fundi wake, ikapoteza nusu ya picha siku ilipopandishwa kwenye seva, kisa ni herufi kubwa na ndogo tu.

Kabla ya kupakua chochote, andika `date` kwenye dirisha la amri uone mashine inadhani leo ni lini. Wengi huliruka hili, na kwa laptopu kuukuu ndipo taabu inapoanzia. Ndani kuna betri ndogo ya saa, mara nyingi CR2032 yenye umbo la sarafu. Ikifa, kila ukizima mashine bila chaji, tarehe inarudi nyuma miaka. Hapo kivinjari kitadai vyeti vya usalama vya tovuti si halali, na Debian itakataa orodha ya programu ikisema muda wake haujaanza. Kijana anailaumu intaneti, anabadilisha laini ya simu, ananunua bando jingine, kumbe kompyuta inaamini tuko mwaka 2012. Rekebisha tarehe, weka saa za Africa/Nairobi, na betri hiyo mwambie fundi akubadilishie.

Kuhusu bando, tumia `apt-get` badala ya `apt`. Zote mbili husakinisha, lakini `apt` kwa kawaida hufuta vifurushi vya programu ikishamaliza, ilhali `apt-get` huviacha kwenye /var/cache/apt/archives. Vinakili kwenye flashi. Mwenzako mwenye toleo lile lile la Debian na aina ile ile ya prosesa ataviweka kwake kwa `sudo apt-get install ./*.deb` (`sudo` ni kuamuru kwa mamlaka ya msimamizi) bila kutumia data. Flashi moja ikizunguka toka Langoni hadi Mokowe inawaokoa wengi.

Sasa anza na `sudo apt-get update`, kisha `sudo apt-get install apache2`, programu ya kukipa kivinjari kurasa. Fungua http://localhost. Ukurasa wa Debian ukitokea, Apache iko hai. Usipotokea, usiende mbele. Kisha weka mariadb-server, yaani hifadhidata ya MariaDB, na ujaribu `sudo mariadb`, ukiingia, toka. (Ukiona masomo mengi yanataja MySQL usibabaike. MariaDB ilichipuka humo mwaka 2009, wakati Oracle inataka kuinunua Sun iliyokuwa ikimiliki MySQL. Aliyeianzisha, Monty Widenius, alikuwa miongoni mwa waasisi wa MySQL yenyewe, na amri za kila siku ni zile zile.) Mwisho weka php (lugha ya kuandikia kurasa), libapache2-mod-php (ya kuiunganisha na Apache) na php-mysql (ya kuiunganisha na hifadhidata). Andika faili lenye `<?php phpinfo();` ndani ya /var/www/html, ulifungue kwenye kivinjari. Ukiona jedwali refu, umefika. Ukiona maandishi yale yale uliyoyaandika, PHP haijaunganishwa na Apache.

Wapo watakaokwambia uweke XAMPP upate vyote kwa mpigo mmoja. Siikatai, kwa mwenye Windows ni njia fupi. Ila anayeanzia hapo, siku ikigoma, huwa hajui kama aliyegoma ni Apache, PHP au hifadhidata. Mbaya zaidi ni wenye XAMPP na Apache ya Debian kwenye mashine moja. Zote mbili zinataka poti 80, na poti ni gati la chombo kimoja: cha pili hakipati pa kufunga kamba. Apache itakataa kuwaka na kusema anwani inatumika tayari. Andika `sudo ss -ltnp` uone nani ameishika poti 80, kisha mzime mmoja.

Tuje kwenye logi. Fungua dirisha la amri, uandike `sudo tail -f /var/log/apache2/error.log`, uliache wazi. Rudi kwenye kivinjari uufungue upya ule ukurasa mweupe. Utaona mstari mrefu wa Kiingereza, na wengi hufumba macho hapo hapo. Usisome wote. Ruka tarehe na namba za mwanzo, tafuta maneno PHP Fatal error, soma kinachofuata. Tuseme ni hiki:

`Call to undefined function mysqli_connect() in /var/www/html/wageni/unganisha.php:4`

Mstari huo umekupa kila kitu: faili ni unganisha.php, mstari ni wa 4, na PHP haiijui kazi ya kuungana na hifadhidata. Maana yake php-mysql haimo. Iweke, uwashe Apache upya kwa `sudo systemctl restart apache2`, imekwisha. Hilo tu ndilo lililotaka kukufutisha Debian nzima.

Ukurasa ni mweupe kwa sababu Debian huwaficha wanaotembelea tovuti maelezo ya makosa, jambo la busara kwenye seva ya watu. Kwenye laptopu yako washa display_errors (kuonyesha makosa) ndani ya php.ini, faili la mipangilio ya PHP. Angalia tu faili lipi: kwenye Debian 12 ni /etc/php/8.2/apache2/php.ini. Lililomo kwenye folda ya cli ni la dirisha la amri, na hata ulihariri mpaka kesho kivinjari hakitabadilika.

Ukikataliwa ruhusa, utapata mtu wa kukwambia `chmod 777`. Mkimbie. Hiyo ni kumpa kila mtumiaji na kila programu kwenye mashine ruhusa ya kuandika juu ya kazi yako, na tabia hiyo utaibeba hadi kwenye seva ya mteja. Apache hutumia jina la www-data. Inachohitaji ni kusoma tu. Folda zipe 755, mafaili 644: mwenyewe aandike, wengine wasome tu. Kama kazi umeiweka ndani ya folda yako ya nyumbani na unaona 403 (kosa la kukataliwa ruhusa), huenda tatizo ni kwamba Debian 12 huzifunga folda za nyumbani kwa watumiaji wengine. Ihamishe /var/www/html.

Hifadhidata nayo ikikukataa ukiingia kama root (mtumiaji mkuu) kupitia phpMyAdmin (kurasa za kusimamia hifadhidata kwenye kivinjari), haijaharibika. Root wa MariaDB kwenye Debian huingia kwa `sudo` tu. Tengeneza mtumiaji wako (hapa yeye na hifadhidata wote wanaitwa wageni):

`CREATE USER 'wageni'@'localhost' IDENTIFIED BY 'neno_la_siri';`
`GRANT ALL ON wageni.* TO 'wageni'@'localhost';`

Stima ikikatika ghafla, MariaDB kwa kawaida hujirekebisha ikiwashwa tena. Diski kuukuu ndiyo isiyoaminika. Kila jioni toa nakala kwa `sudo mariadb-dump wageni > wageni.sql`, uitie kwenye flashi, na mara moja moja ifungue kwenye hifadhidata nyingine ya majaribio uhakikishe data imo.