Mama kabonyeza mara mbili, hela imekatwa mara mbili

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi divelopa wa wavuti hapa Mwanza, juzi nimepandishwa kuwa senia, mfumo wetu ni wa saccos. Sasa wiki ya kwanza tu mama mmoja analipa rejesho 85,000 kutoka kwenye akiba yake kwa simu, mtandao ukazingua akabonyeza Lipa tena, ikakatwa 170,000. Bosi kasema ingia kwenye databesi, pale zinapotunzwa taarifa zote, badilisha salio yaishe. Nimebadilisha, ila roho haijatulia. Nimekosea?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ndio, umekosea, na nashukuru roho imekusuta mapema.

Salio sio namba ya kuandika, salio ni jumla ya miamala. Sasa hivi ukijumlisha miamala ya yule mama unapata namba moja na salio linasema nyingine, zimepishana 85,000, na mkaguzi akija hatamkuta bosi pale, atakuta jina lako maana wewe ndio mwenye funguo za databesi. Muulize mhasibu yeyote, kwenye daftari kosa halifutwi, linaandikiwa mstari mwingine wa kulirudisha. Kwa hiyo leo leo rudisha salio lilivyokuwa halafu ingiza muamala wa marekebisho, useme unarekebisha muamala gani, kwa nini na nani karuhusu. Hiyo ruhusa ya bosi iwe ya maandishi.

Halafu chanzo chenyewe. Wengi wanazima kitufe kikishabonyezwa wanadhani wamemaliza, hapana, mtu anafungua ukurasa upya, au simu yenyewe inarudia kutuma ombi. Ukurasa wa malipo ukifunguka tu lipe lile ombi namba yake ya kipekee, na itunzwe mpaka malipo yapate jibu, akibonyeza mara tano au akifungua ukurasa upya inaenda namba ile ile, na databesi iwe imewekewa sharti namba isijirudie, ikija mara ya pili seva, ile kompyuta yenu inayopokea maombi, inarudisha jibu la kwanza bila kugusa hela. Na ukiunganisha na mitandao ya simu jua kwamba kukosa jibu sio kushindikana, uliza hali ya muamala kwanza ndio urudie.

Kwa vile umeshafungua kodi (code, maandishi ya programu), angalia na desimali. Lugha ya programu ya JavaScript ukiiambia 0.1 + 0.2 inakupa 0.30000000000000004, kwa hiyo hela tunza kwa senti, namba nzima. Mkopo wa 100,000 ukigawa miezi mitatu ni 33,333.33, mara tatu ni 99,999.99, ile senti iliyobaki iweke kwenye rejesho la mwisho, usiiache inaning'inia, kwenye wanachama elfu kumi inakuwa kesi.

Na yule mama mpigie wewe mwenyewe, usimwachie dada wa mapokezi. Mpe pole, mtumie taarifa ya akaunti yake yenye mistari yote mitatu: rejesho, rejesho lililojirudia, na 85,000 iliyorudi.