Nyumba Kuukuu Kando ya Pori: Majibu kwa Wanaotaka Kununua

Barua nyingi zilizofika safari hii zinahusu nyumba za zamani za pembezoni mwa Mombasa, kuanzia Bamburi na Kiembeni hadi Mikindani na Likoni, ambazo nyuma ya ua wake bado kuna pori. Bei zake huvutia, kiwanja ni kipana, na upepo unapita bila kuzuiwa na ghorofa ya jirani. Nimechagua maswali yanayowagusa wengi.

*Swali: Mimi na mume wangu tumeonyeshwa nyumba ya vyumba vinne upande wa Bamburi, iliyojengwa miaka ya sabini. Nyuma yake ni pori tupu. Dalali anasema pori hilo halina mwenyewe, kwa hiyo hatutawahi kupata jirani wa kutusumbua upande huo. Je, tumsadiki? (Mama wa watoto watatu, Kisauni)*

Jibu: Bi mkubwa, msimsadiki. Katika pwani hii sijaona ardhi isiyo na mwenyewe. Niliyoiona ni ile ambayo mwenyewe yuko mbali, au ambayo wenyewe ni wengi na hawajapatana. Pori mnaloliona linaweza kuwa shamba la familia ambayo nusu yake inaishi Arabuni, au mali ya kampuni inayosubiri bei ipande, au ardhi ya umma iliyotengwa kwa barabara ambayo haijajengwa. Linaweza hata kuwa wakfu, ambao hauuzwi lakini unaweza kukodishwa na kujengwa. Huko huko Bamburi, sehemu ya miti mnayoipenda ilipandwa juu ya machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji, katika kazi iliyoanzishwa na René Haller mwaka 1971 kwa mivinje iliyoweza kushika mizizi kwenye mwamba mtupu. Kwa hiyo hata kile kinachoonekana kuwa msitu wa tangu na tangu huenda kina mpango, ramani na ofisi inayokisimamia.

Nasisitiza jambo hili kabla ya kuta na paa kwa sababu kasoro za nyumba zinaweza kupigiwa hesabu na kupunguzwa katika bei, lakini mustakabali wa pori hauko mikononi mwenu wala mwa muuzaji. Stesheni ya SGR, yaani reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilipofunguliwa Miritini mwaka 2017, na barabara ya Dongo Kundu ilipokatwa, watu waliokuwa wakiishi kando ya vichaka walijikuta kando ya malori. Upo pia uwezekano wa watu kuingia porini na kujenga. Sheria ya Kenya inamruhusu aliyekalia ardhi ya mtu binafsi waziwazi kwa miaka 12, bila ruhusa na bila kupingwa, kuidai mahakamani, na ndiyo maana mwenye ardhi aliyelala kwa muda mrefu huamka ghafla na kuleta matingatinga.

Mwajirini saveya aliyesajiliwa awaonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka, za kiwanja na nambari za viwanja vinavyopakana nacho, kisha wakili wenu afanye upekuzi rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi, si wa nyumba peke yake bali na wa pori pia. Nendeni katika idara ya mipango ya kaunti mkaulize eneo hilo limetengewa matumizi gani na kama kuna ombi la kubadilisha matumizi. Halafu kaeni na mzee wa mtaa na majirani wa siku nyingi, maana wao wanajua kesi ambazo hazijafika kwenye daftari. Mkishamaliza, kadirieni bei kana kwamba nyuma ya ua kuna jengo la ghorofa sita. Ikiwa nyumba bado inawafaa kwa bei hiyo, inunueni, na pori likibaki litakuwa faida yenu.

*Swali: Nyumba ninayoitaka iko Nyali, ni ya zamani, lakini imepakwa rangi mpya na inang'ara. Nitajuaje hali yake halisi kabla ya kutoa arubuni? (Mwalimu, Tudor)*

Jibu: Mwalimu, rangi mpya katika nyumba ya zamani inayouzwa ni sababu ya kuangalia kwa makini zaidi. Adui mkubwa wa nyumba zetu ni chumvi. Hewa ya bahari huingiza chumvi ndani ya zege hadi kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na mvimbo huo ndio unaopasua zege na kuidondosha vipande vipande. Kwa hiyo inua macho. Tazama chini ya slebu ya baraza, chini ya ngazi na kwenye dari ya bafu, ambako mafundi wa rangi huwa na haraka. Ufa unaokwenda mstari ulionyooka, sambamba na mahali nondo ilipolazwa, pamoja na doa la rangi ya kahawia, ni dalili mbaya. Chukua nyundo ndogo ugonge polepole: zege nzima hutoa mlio mkavu na mkali, na iliyoachana na nondo hutoa mlio wa kitu kitupu. Gonga sehemu nyingi, kisha mlete injinia aseme kama slebu inatengenezeka au inabomolewa, maana tofauti ya gharama kati ya mambo hayo mawili ni kubwa mno.

Kama kuta ni za mawe ya matumbawe, inama uangalie sehemu ya chini. Unga mweupe na plasta inayomeguka kwa kidole huonyesha kwamba unyevu unapanda kutoka ardhini. Kuta hizo zilizoea plasta ya chokaa, ambayo inaruhusu unyevu kutoka. Zikipigwa plasta nzito ya saruji, maji hukwama ndani na uharibifu huendelea nyuma ya sura nzuri. Pori lililo karibu huongeza jambo jingine, nalo ni mchwa. Tafuta vijia vya udongo vinavyopanda msingi, kisha panda darini ukiwa na tochi na bisibisi, uchome mbao za kenchi pale zinapokalia ukuta. Bisibisi ikizama bila upinzani, hesabu paa jipya.

Ukipata nafasi, rudi kuitazama nyumba hiyo mwezi wa Mei, ambao kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi kuliko yote Mombasa. Muuzaji asiyetaka uione nyumba wakati wa masika amekwisha kukujibu.

*Swali: Muuzaji ananiambia nyumba ni yake lakini ardhi si yake, na kwamba hilo ni jambo la kawaida. Ni kweli? (Kijana anayetafuta nyumba ya kwanza, Likoni)*

Jibu: Ni kweli kwamba nyumba bila ardhi ni desturi ya siku nyingi hapa Mombasa. Mtu hujenga juu ya kiwanja cha mwingine, akalipa kodi ya kiwanja, na nyumba ikawa mali yake ya kuuza au kurithisha. Lakini wewe ndugu yangu ni mnunuzi wa mara ya kwanza, na nyumba ya namna hiyo haikupi hatimiliki, ni vigumu benki kuipokea kama dhamana, na mwenye ardhi anaweza kuiuza ardhi yake wakati wowote kwa mtu msiyejuana. Pale ambapo pori lililo kando ni la mwenye ardhi huyo huyo, siku akipata mnunuzi wa eneo zima, nyumba yako itakuwa kikwazo katika biashara yake. Mimi nisingeinunua, isipokuwa mwenye ardhi mwenyewe yuko tayari kutia sahihi mkataba mrefu mbele ya wakili, au kuniuzia kiwanja.

Hata pale ambapo hatimiliki ipo, uliza nyumba ilimfikiaje muuzaji. Nyumba nyingi za zamani ni za urithi, na warithi wote lazima wakubali. Kwa familia ya Kiislamu, omba kuona hati ya mirathi kutoka Mahakama ya Kadhi. Muuzaji aliyeoa au kuolewa anahitaji ridhaa ya mwenzake ikiwa hiyo ni nyumba ya ndoa, kwa mujibu wa sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013. Na usisahau ushuru wa stempu, ambao kwa mali ya mjini ni asilimia 4 ya thamani, nao unaulipa wewe mnunuzi.

*Swali: Mke wangu amekataa kabisa kuishi kando ya pori kwa sababu ya nyoka. Nimwambie nini? (Baba wa watoto wadogo, Mtopanga)*

Jibu: Mwambie kwamba hofu yake ina msingi, kisha mfanye pamoja yale yanayoipunguza. Pwani yetu ina moma anayelala kimya kwenye majani makavu, ina swila, ina koboko, na kwenye miembe na minazi yuko mamba wa kijani, ambaye anafanana na nyoka wengine wa kijani wasio na madhara, kwa hiyo watoto wafundishwe kutomkaribia yeyote kati yao. Nyoka hufuata panya, vyura na mahali pa kujificha. Ondoeni marundo ya mawe, makuti na mbao kuukuu, fugeni kuku mbali na nyumba, kateni matawi yanayogusa paa, zibeni matundu chini ya milango, na msitembee usiku bila tochi wala viatu.

Mtu akiumwa, asichanjwe, jeraha lisinyonywe, na kiungo kisifungwe kamba ya kukata damu. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, na apelekwe hospitali mara moja. Kabla ya kununua, endesheni gari usiku kutoka nyumba hiyo hadi hospitali kubwa iliyo karibu, ili mjue safari hiyo inachukua muda gani.

Ama mbu, msililaumu pori peke yake. Mbu wanaoeneza homa ya dengi, iliyowahi kuusumbua mji huu zaidi ya mara moja, huzaliana katika mapipa, ndoo na matairi yenye maji ndani ya ua. Kwa kuwa maji ya mfereji hapa huja kwa mgao na kila nyumba ina mapipa, mifuniko ni muhimu kuliko panga.

*Swali: Nyumba niliyoipata Mikindani inatazama mkono wa bahari, lakini mikoko inaziba. Naweza kuikata nikishanunua? (Msomaji, Changamwe)*

Jibu: La. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na kuikata bila kibali cha Shirika la Huduma za Misitu ni kosa. Isitoshe, ndiyo inayovunja nguvu ya maji na kushika tope chini ya kiwanja chako. Usinunue kwa kutegemea mandhari ambayo huna haki ya kuifungua. Kwa wenye pori la nchi kavu, kilicho ndani ya bikoni zenu ni chenu kufyeka, na ni vyema kufanya hivyo kabla ya kaskazi, inayovuma kati ya Desemba na Machi, wakati nyasi zimekauka na moto wa mtu anayesafisha shamba unaweza kurushwa na upepo hadi kwenye paa la makuti.

*Swali: Nyumba ina kisima, na muuzaji anasema hatutahitaji maji ya kaunti. (Mama mfanyabiashara, Kongowea)*

Jibu: Mama, pima maji hayo katika maabara kabla ya kulipa chochote, kwa chumvi na kwa vijidudu. Mwamba wetu wa matumbawe una vitundu vingi, na uchafu wa shimo la choo hupita humo kwa urahisi. Uliza shimo liko wapi, la nyumba hiyo na la jirani, na lilinyonywa lini mara ya mwisho. Kisima kilicho hatua chache kutoka shimoni kitafaa kwa kufulia na kumwagilia tu.

*Swali: Paa ni la asbesto. Niache nyumba hiyo? (Fundi umeme, Bombolulu)*

Jibu: Si lazima uiache, lakini bei ishuke. Bati la asbesto lisilopasuka halina hatari kubwa likiachwa lilivyo. Madhara huja linapokatwa, kutobolewa au kuvunjika, kwa sababu nyuzi zake zikivutwa na pumzi husababisha saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Wewe kwa kazi yako unajua ni mara ngapi fundi hutoboa paa ili kupitisha waya. Kanuni za taka zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari, kwa hiyo haitupwi porini nyuma ya nyumba, kama nilivyoona watu wakifanya. Huondolewa na kusafirishwa na wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Pata makadirio yao kwa maandishi, yatoe katika bei, na kazi hiyo ifanyike nyumba ikiwa tupu, kabla familia haijahamia.