Waya ya meno inamchoma binti yangu

Swali: Dokta, binti yangu wa miaka 13 kafungwa waya za meno juzi, sasa kuna ncha inamchoma shavuni na kula hataki, kliniki wanasema mpaka Jumatatu, nifanyeje?

Jibu: Pole mama. Isukume taratibu ilale kwenye jino kwa kifutio safi cha penseli, ikigoma pakaushe na tishu halafu bandika juu ya ncha ile nta ya kufunikia waya inayotolewa kliniki, kiasi cha punje ya njegere (ya mshumaa hapana jamani!). Kidonda asukutue maji vuguvugu yenye chumvi. Kuuma siku za mwanzo ni kawaida, meno yanasogezwa, panado kwa kipimo cha umri wake inatosha, ale uji au mtori, miwa na mahindi ya kuchoma asahau kwanza. Akivimba uso usisubiri Jumatatu.