Hiyo "una haki ya kunyamaza" ya kwa muvi, hapa Kenya iko?

SWALI: Habari ya kazi. Nina kijana wa miaka 22 anaendesha boda. Mwezi jana alishikwa akalazwa selo kwa kituo kimoja hapa Eastlands, asubuhi kufika naambiwa ameshaandika statementi amekubali alibeba mali ya wizi. Yeye anasema aliambiwa asaini ndio aende nyumbani. Kwa muvi za Marekani naona polisi akimshika mtu anamwambia una haki ya kunyamaza, una haki ya wakili. Hizo haki ni zao peke yao? Na sisi wa kukosa pesa ya wakili tufanye nini? Mama, Kayole.

JIBU: Pole sana mama, na nimesoma barua yako mara mbili kwa sababu hicho kitu kimemfanyikia kijana wako ndicho kilizaa hayo maneno ya kwa muvi.

Mwaka wa 1963 huko Phoenix, jimbo la Arizona, polisi walimshika jamaa anaitwa Ernesto Miranda wakamhoji kama masaa mawili bila wakili na hakuna mtu alimwambia anaweza kumwita, akatoka hapo amesaini karatasi ya kukubali makosa. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu na mwaka wa 1966 majaji 5 dhidi ya 4 wakasema mtu akiwa mikononi mwa polisi lazima kwanza aelezwe haki zake, la sivyo hayo maneno yake hayatumiki kumfunga. Na sio ati Miranda alienda nyumbani, alishtakiwa upya bila ile karatasi na akafungwa kwa ushahidi mwingine.

Lakini kwa swali lako la pesa, mtu wa kujua ni Clarence Earl Gideon. Huyu alikuwa maskini kabisa, shule aliacha mapema, na 1961 akashtakiwa kwamba amevunja klabu ya pool huko Panama City, Florida, akaiba chenji na vinywaji. Alisimama kortini akaomba apewe wakili, jaji akamwambia sheria ya Florida inaruhusu hiyo kwa kesi za hukumu ya kifo tu, basi akajitetea mwenyewe vile aliweza na akapigwa miaka 5. Akiwa jela akachukua penseli na karatasi za gereza akaiandikia Mahakama ya Juu kwa mkono wake, na wakaisoma! Wakampa Abe Fortas, mmoja wa mawakili wakubwa wa Washington, bila kulipa hata senti. Machi 1963 majaji wote 9 wakakubaliana kwamba mtu ameshtakiwa kosa kubwa na hana uwezo, serikali impe wakili. Kesi ikarudiwa Agosti mwaka huo huo, mji ule ule, jaji yule yule, kitu kilibadilika ni wakili tu, ambaye alimbana shahidi mkuu kwa maswali ambayo Gideon hangejua kuuliza, na juri (raia wa kawaida wanaoamua kesi) ikakaa kama lisaa limoja ikamwachilia. Mimi hiyo hadithi kila nikiifikiria nasikia uchungu, kwa sababu alikuwa ameshakula jela karibu miaka miwili.

Sasa hapa kwetu. Katiba ya 2010 kifungu cha 49 inasema aliyeshikwa aambiwe sababu kwa lugha anaelewa, ana haki ya kunyamaza, aongee na wakili, asilazimishwe kukiri, na afikishwe kortini ndani ya masaa 24, ama siku ya korti inayofuata kama hayo masaa yameishia wikendi. Halafu Sheria ya Ushahidi inataka kukiri kufanywe mbele ya jaji, hakimu, ama polisi wa cheo cha inspekta kwenda juu ambaye sio yule anachunguza kesi, na mtu mwingine aliyechaguliwa na mshukiwa awepo. Kama kijana alisaini akiwa peke yake na mpelelezi, hiyo karatasi inapingika, msiiogope.

Kwa wakili, kifungu cha 50 kinasema serikali impe na imlipie kama bila hivyo haki itaumia sana. Sio kila kosa kubwa kama Marekani, na hapo naona bado tuko nyuma, lakini haipeanwi kwa mtu amenyamaza. Siku ya korti asimame aseme "Mheshimiwa, sina wakili wala pesa ya wakili, naomba nipewe kwa gharama ya serikali", na ahakikishe imeandikwa. Wewe nenda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliundwa na sheria ya 2016, beba charge sheet (karatasi ya mashtaka) na namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Na haki zake zikiendelea kukanyagwa, kifungu cha 22 kinaruhusu korti kupokea malalamiko hata kwa barua ya kawaida, bila ada ya kufungua kesi. Penseli ya Gideon ingekubaliwa hapa pia.

Siku kesi ikitajwa enda naye ukae mbele, na hakimu akishajibu hilo ombi niandikie tena.