Jibu: Balozi wa Papa nchini Misri na Jumuiya ya Nchi za Kiarabu

Salaam, ndugu. Umeuliza kama orodha yako ina kosa, kwa kuwa Askofu Mkuu Michael Fitzgerald (Kardinali tangu 2019) ameandikwa humo mara mbili, kama Balozi wa Papa nchini Misri na kama Mjumbe wa Kiti Kitakatifu (yaani Vatikani) kwenye Jumuiya ya Nchi za Kiarabu.

Hakuna kosa. Makao makuu ya Jumuiya hiyo, iliyoundwa mwaka 1945, yako Cairo, na balozi aliyepo hapo ndiye hukabidhiwa kazi zote mbili. Ninapoandaa orodha za namna hii kwa gazeti la parokia yetu, huanza na tangazo la uteuzi lenyewe kutoka Vatikani, kwa sababu hapo majukumu yote hutajwa. La Fitzgerald, aliyeshika kazi hizo hadi 2012, ni la Februari 2006. Huyu ni padre wa shirika la Wamisionari wa Afrika (White Fathers) aliyewahi kufundisha Makerere, na amebobea katika majadiliano na Waislamu, jambo ambalo kwangu linaeleza vizuri kwa nini alifaa Cairo.

Usimwandike, hata hivyo, kama mwakilishi wa nchi mwanachama. Vatikani si mwanachama, bali ilitia saini hati ya maelewano na Jumuiya mwezi Aprili 2009, na ujumbe huo hauchukui nafasi ya uhusiano na kila nchi: Saudi Arabia imo katika Jumuiya bila kuwa na uhusiano wa kibalozi na Vatikani, na Oman iliuanzisha Februari 2023 tu. Kwa hiyo nchi hizo zipe safu yao katika orodha.