Jibu: Jennifer Hudson hakushinda, alitoka wa 7

Dada yangu, umeuliza kama Jennifer Hudson ndiye aliyeshinda msimu wa 3 wa American Idol, lile shindano la kuimba la runinga ya Marekani, ili umwambie mdogo wako anayejiandaa na usaili wa kuimba. Hapana, hakushinda. Mwaka 2004 bingwa alikuwa Fantasia Barrino, msichana wa miaka 19. Diana DeGarmo wa pili, Jasmine Trias wa tatu. Jennifer aliishia nafasi ya 7, na mpaka leo inaniuma, sauti ile haikustahili kutoka mapema vile. Mwaka 2007 akabeba Oscar kwa filamu ya Dreamgirls.

Lakini Fantasia naye alistahili, wallahi. Tuliangalia kwa shangazi, Ngamiani. Binti alipokaa chini jukwaani akaanza "Summertime", shangazi, mtu wa taarabu tangu utoto, alisimamisha mkono juu ya mbuzi, kipande cha nazi kiganjani, hakukuna tena mpaka wimbo ulipokwisha. "Huyu anaimba kwa moyo," akasema.

Huyo mdogo wako asimwige yeyote. Achague wimbo anaoumudu bila ala, maana kwenye usaili mara nyingi unaimba kavu. Kama mko hapa Tanga, mlete jioni moja, shangazi amsikilize.